Mimi, Mbwa na Vidonge vya Wasiwasi

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimekwenda hospitali hapa Kilosa nikijua nakufa kwa moyo. Kifua kinadunda, viganja jasho tupu. Daktari kapima kila kitu. Moyo mzima, akasema, ni wasiwasi. Kanipa vidonge kumi vya diazepam, kimoja kila jioni. Pikipiki nisiguse.

Aibu. Afisa mifugo mzima, nashika madume ya ng'ombe kwa pembe — kumbe naumwa woga.

Sikumwambia unazidi wapi. Unazidi Mikumi, kwenye duka la dawa za mifugo la Lightness. Miaka miwili naenda kumwambia kwamba nampenda, narudi na dawa ya minyoo. Stoo yangu inatosha kutibu mbuzi wa wilaya nzima.

Jumatano, 6 Machi

Leo kwenye kikao cha kata, Masanze, nimesimama nikasema josho limekauka miezi minane na ripoti zetu zinasema ng'ombe wanaogeshwa. Mimi, ambaye hata kukohoa naomba ruhusa.

Dada yangu Mwanvua kauliza kama nimelewa. Nimemwambia nimepona.

Alhamisi, 7 Machi

Jirani yangu Mzee Yeremia ana mbwa anayeogopa radi. Masika hii kavunja mlango mara mbili. Nimempangia dawa ileile yangu, kwa kipimo cha mbwa. Sasa tuko wawili kwenye dozi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepanda basi hadi Mikumi. Nimemwambia Lightness nataka kumuoa — kwa sauti ya mtu anayeagiza chanjo ya kuku. Moyo kimya.

Kaniangalia sana. "Umekunywa nini, Ditram?"

Nikamweleza vidonge, nikagusia na kikao cha kata, tena kwa kujisifu.

"Basi rudi siku ambayo hujameza kitu."

Nikasema sawa. Nikala chipsi mayai. Nikalala kwenye basi mpaka Kilosa. Mwanamume kaambiwa hivyo na mwanamke anayempenda, na chipsi zikashuka vizuri kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Mbwa kamng'ata Mzee Yeremia.

Radi ilipiga, mbwa hata sikio hakuinua. Mzee akafurahi, akamsogezea chakula, akang'atwa mkono. Mbwa ambaye hajawahi kumfukuza hata kuku. Nyuzi tano, na sindano za kichaa cha mbwa zimeanza.

Nimempigia Lightness, kikazi. Anasema wapo mbwa wa hivyo: meno yalikuwa yamezuiwa na woga, ukiuondoa umeondoa na breki. Kisha akauliza kikao cha kata kiliendaje.

Nilikwenda kwa Mzee. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nilijisikia nasoma tangazo la maji kukatika. Yeye ndiye aliyenipa pole. Hata hatia nimenyimwa.

Jumatano, 13 Machi

Kidonge cha mwisho. Pia barua kutoka halmashauri: nijieleze kwa maneno niliyotoa kikaoni. Nimeisoma nikiwa natafuna karanga.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi kwa daktari. Haongezi. Anasema vilikuwa vya kunivusha tu, sasa tuzungumze. Tumezungumza saa nzima. Nimemtaja Lightness. Kaandika kitu kwenye faili, sijui ameliandikaje jina.

Ijumaa, 15 Machi

Usingizi haba. Barua nimeisoma upya mara nne, karanga sijagusa. Lakini josho kweli limekauka. Nimeandika hivyohivyo kwenye majibu, nikayapeleka.

Nikapita kwa Mzee Yeremia. Nilipoona bandeji nikalia kama mtoto. "Sasa ndiyo umekuja," akasema. Mbwa alikuwa uvunguni, mawingu tu yametanda. Tukaangaliana, mimi na mbwa.

Jumamosi, 16 Machi

Mikumi. Naandika kwenye benchi nje ya duka, sijui mikono niifanyie nini kingine.

Sikumaliza hata sentensi. Nilisema "Lightness, mimi," kisha "mimi" tena, kisha basi. Mteja wa nyuma yangu, mama mmoja mwenye kuku kapuni, akaniuliza kama nataka maji. Lightness hakucheka. Kaniambia nikae nje nimsubiri amhudumie mama.

Mama ametoka. Amenipita akitabasamu.

Kifua kinadunda, jasho hadi magotini. Nasikia anashusha madirisha. Sasa anafunga mlango wa duka, na ni saa nne asubuhi, siku ya gulio.

Anakuja na maji, glasi mbili. Kalamu naiweka chini.