Maneno Yaliyobaki kwenye Pipa la Buluu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mvua tena. Tumechuma tangu saa moja mpaka saa tisa. Mgongo hauna hali. Vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, sabuni haiutoi.

Neno la leo: "damage". Nimelikuta mara tatu. Kwenye mfuko wa mbolea, pamoja na neno la mvua. Kwenye ubao wa ofisi, pamoja na gari. Kwenye kipande cha gazeti lililofungia maandazi, pamoja na nyumba na upepo. Ni uharibifu. Nimeliandika kurasa za nyuma, sasa ni langu.

Daftari hili nilinunua la kuandikia barua za nyumbani. Barua zimepungua, maneno yameongezeka.

Shule niliishia darasa la tano, kwetu Kiomboi, nchi kavu ya Wanyiramba, baba alipofariki. Kiingereza nilichotoka nacho ni cha mlango, dirisha, maji, kikombe kimejaa, kikombe ni kitupu. Hakikunisumbua kwa miaka yote hii. Lakini tangu shamba liuzwe kwa mtu binafsi, matangazo yote yamekuwa ya Kiingereza. Zamani tulisomewa kwa Kiswahili mpaka tukasinzia. Sasa ubao unatusema na hatujui unasema nini. Sipendi.

Kamusi sina. Natumia njia niliyojifunzia Kinyakyusa. Hakuna aliyenifundisha. Mama Atupele, tunayechuma naye mstari mmoja, alisema "ndaga" nilipomshikia tenga. Akasema tena mzee alipompisha njiani. Mara ya tatu kwa mtoto aliyemletea maji. Nikajua ni asante. Neno hukaa na majirani. Wajue majirani, utamjua mwenyewe. Ila wawe watatu. Jirani mmoja anaweza kukudanganya.

Alhamisi, 9 Machi

Tangazo jipya. Lori la kutupeleka sokoni Kiwira. Nimeona "rain", nimeona "road", nimeona "damage", neno langu kabisa. Halafu: lori "will resume Saturday". Hilo "resume" sijawahi kuliona. Lakini mvua imeharibu barabara, na Jumamosi iliyopita lori halikuja. Wazi. Litasimama.

Watu walikuwa wamenizunguka. Nikawaambia. Waliitikia kwa heshima, kama naendesha ibada. Niliona raha. Naandika ukweli.

Jumamosi, 11 Machi

Aibu.

Tuliondoka watu kumi na mmoja alfajiri, kwa miguu, matope mpaka kwenye magoti. Nusu ya njia tukasikia honi. Lori, tupu kabisa. Dereva akapunguza mwendo, akatutazama, akauliza kama tumefanya nadhiri. Neno lilikuwa na maana ya kuanza tena baada ya kusimama.

Sharti langu nalijua, nikalivunja kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza.

Jumanne, 14 Machi

Jina langu sasa ni Profesa. Mnyapara wetu, Ambonisye, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi, anaita majina asubuhi, akifika kwangu anauliza, "Profesa, leo chai inachumwa au inasimama?" Wote wanacheka. Na mimi nacheka. Usiku meno yanauma kwa kucheka nisichotaka.

Mama Atupele hakucheka. Alinipa ndizi mbili za kuchoma. Alisema, "Baba Elia, hata mwenye macho hujikwaa." Kisha akacheka kidogo.

Jumamosi, 25 Machi

Nimeshinda pipa.

Hapa mapipa matupu hupigiwa kura, desturi ya tangu zamani. Yale ya zamani yalikuwa ya chuma, ya mafuta ya mashine. Ukishinda, unalijaza majani makavu ya migomba, unalitia moto, linaungua ndani mpaka linakuwa jeupe, ndipo unawekea maji. Haya ya sasa ni ya plastiki, buluu, yana mfuniko wa kukaza. Yalikuja na dawa ya magugu ambayo tajiri mpya ananunua moja kwa moja dukani. Enzi za shirika la serikali dawa ilikuja na bwana shamba wa kuieleza, na chombo kilirudi naye. Sasa hakuna anayekuja, hakuna kinachorudi.

Plastiki haichomwi. Watu wanaosha kwa majivu na mchanga.

Mimi pipa la nini? Chumba changu hakinitoshi mwenyewe. Nimempa Mama Atupele. Bintiye anapata kipaimara Jumapili ya Matawi, na kwao Kinyala hawana chombo cha kutosha togwa la wageni. Alifurahi mpaka akanipigia magoti. Nikaona nimelipa ndizi zote za miaka mitatu. Amesema halitaingia hata maji mpaka siku ile, lisije likachafuka.

Kabla hajaliondoa nilinakili maandishi ya ubavuni, kwa ajili ya maneno tu. Karatasi ilikuwa imechubuka, juu hakuna kitu, pengine palikuwa na picha. Mistari miwili ya mwisho ilibaki:

Rinse well. Traces may remain in the empty container.
Puncture and bury.

"Well" ni vizuri. "Empty" ni tupu. "Remain" ninalo, lipo mlangoni pa zahanati na nimelikuta kwingine mara mbili: kubaki. Mengine sijui.

Jumatatu, 27 Machi

Nimemwonyesha karani wa ofisini mistari ile miwili. Alitazama kwa muda wa kupiga chafya. "Wanasema uoshe vizuri." Na mstari wa pili? "Ni hayo hayo." Akarudi kwenye chai yake.

Nadhani naye hajui. Mtu anayejua huwa hana haraka hivyo.

Jumapili, 2 Aprili

Baada ya kanisa nimeshuka Tukuyu mjini. Maduka yamejaa. Nakumbuka mwaka tuliopanga foleni kwa kipande cha sabuni. Leo sabuni za kila nchi, na kila moja ina maelezo. Wengine wanaona bidhaa, mimi naona vitabu.

Mwenye duka mmoja hunivumilia. Paketi ya sabuni ya unga ina picha nne: mikono inafua, maji safi yanamwagwa, nguo inakamuliwa, nguo imeanikwa. Chini ya picha ya pili: "rinse". Chupa ya kuoshea nywele inalo pia. Na dawa ya meno, baada ya kupiga mswaki. Watatu. Ni kusuuza.

"Container" nilidhani ni kontena la kwenye malori, ndiyo maana mstari ule haukunihangaisha. Leo nimelikuta kwenye kopo la mafuta ya mgando, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kwenye kibati cha rangi ya viatu. Ni chombo. Chombo chochote.

Basi mstari unasema: suuza vizuri, kuna kitu kinabaki ndani ya chombo kitupu.

Kitupu, halafu kuna kinachobaki. Nimelifikiria njia nzima kurudi. Kama ni kitupu, kinabaki nini?

Jumatano, 5 Aprili

Nimetumwa mjini na mnyapara kuziba tairi la baiskeli yake. Fundi yuko Bagamoyo, mtaa ule wa nyuma ya maduka. Ana kibati kipya cha viraka, cha kigeni, chenye picha. Mshale unaonyesha tundu kwenye mpira wa ndani. Pembeni: "puncture". Nikasimama kama nimepigwa kofi. Ni pancha. Pancha tunayoisema kila siku. Kwa hili sikuhitaji majirani watatu.

Lakini hapa fundi anaziba. Pipa linasema utoboe.

Nani anatoboa pipa zima? Nimejaribu kulitetea. Labda unatoboa chini uweke bomba. Labda unatoboa uoteshee miche. Nililitetea kwa sababu ni mimi niliyelitoa.

Mama Atupele alikuwa mstarini jioni, anahesabu wageni kwa vidole. Ningeweza kusema. Niliona sura ya dereva wa lori, nikasikia "Profesa". Nikanyamaza. Naandika ili isije ikafika siku nikasema sikujua.

Alhamisi, 6 Aprili

Mama Atupele hakuja. Amechukua ruhusa mpaka sherehe ipite. Wanaanza kupika togwa.

Sijala vizuri.

Jumamosi, 8 Aprili

Saa sita tumepokea maandazi ya nusu siku. Kila mtu na kipande chake cha gazeti. Changu kilikuwa na taarifa ya kifo cha mzee fulani. Ibada kanisani saa fulani, kisha "will be buried" kijijini kwake. Mwenzangu alikuwa na nusu nyingine ya ukurasa huo huo, vifo vitupu, na neno lile mara mbili zaidi. Ibada, jeneza, kijiji. Watatu, wote wamevaa nguo nyeusi.

Toboa na uzike.

Sikumaliza andazi.

Nimekwenda Kinyala kwa miguu, mlima wote, nikikimbia penye tambarare. Nilifika kama saa tisa. Uwanja umefagiwa, matawi yamefungwa mlangoni. Pipa la buluu lilikuwa chini ya upenu, limefunikwa jani la mgomba. Togwa lilikuwa limekwisha kumiminwa humo tangu asubuhi, litulie. Watoto walikuwa wanalizunguka na vikombe mkononi, wanafukuzwa, wanarudi.

Lusajo, kaka yake Mama Atupele, aliniona wa kwanza. "Haya, Profesa kaja! Leo lori limesimama wapi?" Wanawake jikoni wakacheka.

Nikauliza kama kuna aliyekunywa. Hakuna. Nikasema wasinywe. Nikatoa daftari, nikasoma, nikawaeleza neno moja moja. Sauti ilitetemeka kwa kukimbia, wakadhani naogopa. Nilikuwa naogopa pia.

Mama Atupele alikuja akijifuta mikono. "Baba Elia, nimelisugua kwa majivu mara nne. Linanukia kuliko wewe."

Lusajo akauliza ni nani kaniambia maana. Nikasema hakuna, nimeipata kwenye sabuni, na pancha, na gazeti la vifo. Sasa wakacheka kweli. Na mimi nilivyojisikia nikisema, ningecheka.

Neno "traces" sikulijua. Nikawaambia hivyo. Kuna kitu kinabaki, jina lake sijui.

Bibi, mama yake Mama Atupele, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Kiswahili chake ni kidogo. Akauliza kwa Kinyakyusa kelele za nini, wakamweleza. Akaniita.

"Wanasema toboa?"

"Ndiyo, bibi."

"Halafu zika?"

"Ndiyo."

"Pipa jipya?"

"Jipya, bibi."

Akageukia pipa. Kisha akasema, "Kitu kizima hakizikwi. Kinachozikwa kimekufa, au kinaua."

Akainuka mwenyewe, akashika ukingo wa pipa. "Lusajo, shika huku."

Mama Atupele akalia. "Mama, kesho watu watakunywa nini?"

"Maji. Maji tunayo. Hapa siyo kwao Mnyiramba."

Hakuna aliyecheka, lakini Lusajo alishika. Tulichimba shimo mbali na kijito, tukamwaga. Togwa la siku tatu. Ulezi wa msimu mzima. Lilitoka zito, linanukia vizuri, na mimi nilitamani linuke walau kidogo. Halikunuka.

Nilitoboa pipa kwa msumari wa moto, sehemu saba. Tukalizika. Atupele alisimama mlangoni akitazama, nywele zimesukwa kwa ajili ya kesho.

Jumapili, 9 Aprili

Nilikwenda kanisani. Atupele alivaa nyeupe. Alijibu maswali ya mchungaji bila kukosea. Hakunisalimia.

Wageni walipewa chai na maji. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema watu wa mbali wana wivu. Aliisema kwa Kinyakyusa. Majirani wa neno niliwajua wote.

Jumanne, 11 Aprili

Mama Atupele amehamia mstari mwingine.

Jumatatu, 24 Aprili

Pasaka imepita. Nilipata barua ya nyumbani, wazima, mvua haba. Nimeijibu.

Hakuna aliyeugua, kwa hiyo hakuna ushahidi. Hilo ndilo linaloniumiza. Kama nimekosea au kama nimepatia, Kinyala inaonekana vilevile: shimo moja na sherehe iliyopoa. Nimekubali kukaa na hilo. Lori lilinifundisha aibu ya kukosea. Hii sijui ni aibu ya nini.

Ijumaa nilipita nyuma ya nyumba ya mnyapara. Na yeye alishinda pipa siku ile, alikuwa akiwekea maji ya kunywa. Limelala ubavu, limetobolewa matundu, linangoja shimo. Yeye aliniona nikiliona. Leo asubuhi aliniita kwa jina langu.

"Traces" nimelikuta mara mbili. Kwenye gazeti, wezi wa ng'ombe na mvua iliyofuta nyayo. Na kwenye paketi ya sabuni, pamoja na doa. Bado mmoja.

Mama Atupele amerudi mstarini kwetu. Tulichuma mpaka saa nne. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa paketi ya mbegu za kabichi aliyonunua Kiwira, akaiweka juu ya tenga langu. Neno moja amelizungushia mkaa.

"Hili?"

Nililisoma, nikasoma na majirani zake.

"Bado, mama. Nimeliona mara moja tu."

Akaichukua, akaifunga tena ndani ya khanga.

"Basi sizipandi," akasema. "Tutangoja."

Tukaendelea kuchuma. Mvua ilianza saa sita.