Nani Alikwenda Kumwita Rehema?

Hosteli ya wasichana, Dodoma
Jumapili, baada ya Misa

Baba,

Shikamoo. Pokea hiyo yako kwanza, umpe Mama yake, kisha ukae. Najua bahasha ikikufikia unaifungua hapohapo mlangoni ukiwa umesimama na gambuti, lakini hii naomba uikalie.

Habari za hapo nyumbani? Kifua cha Mama kimetulia, au baridi imeshaanza kumsumbua? Kahawa ya bondeni imeiva, au bado mnaiangalia tu? Mimi mwili hauna neno, nakula na kwenda haja kama watu wote. Moyo ndio haukai. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza maji yalitoka bombani nikaiacha nikakimbilia foleni na ndoo. Ya pili niliichana. Hii ya tatu nimejifungia nayo, na hata hivyo nimeshainuka mara mbili kwenda dirishani bila sababu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Baba, simu yako ikipigwa huwekwa sauti kubwa juu ya meza, nyumba nzima ikakusanyika, na Mama akaanza kulia kabla sijamaliza salamu. Jambo hili nataka ulisikie peke yako kwanza. Ndiyo maana bahasha nampa kondakta wa basi la Songea, na kutoka hapo itafika dukani kwa Mzee Salum pale Mbinga, ambaye hajawahi kupoteza hata mfuko wetu mmoja wa maharage.

Nalisema mapema, maana hupendi mtu wa kuzunguka: huenda nisimalize chuo mwaka huu. Sijafukuzwa, siumwi, wala sina mimba, kwa hiyo baadaye Mama asiweke mikono kichwani. Endelea kusoma.

Lazima kwanza ujue watu wa huku wanavyoishi. Mwaka wa kwanza nilimwamkia mhadhiri kwa kupiga goti, darasa zima likacheka, na yeye mwenyewe akaitikia huku anatazama saa. Nikajifunza. Hapa kila mtu anaitwa "kiongozi", hata yule ambaye hajaongoza kuku kuingia bandani. Mtu anakula peke yake, kaziba masikio kwa muziki, na ukimkaribisha chakula anajiuliza unataka nini kwake. Ukihitaji nafasi kwenye kimbweta, vile viti vya zege vya nje tunakosomea, unatanguliza daftari likukalie. Na kila habari, ya kipindi, ya msiba, ya mgonjwa, inapita kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona watu wawili wamekaa meza moja, huyu anamwandikia yule ujumbe ampe kalamu. Mwaka wa kwanza nilicheka mpaka machozi. Sasa ni mwaka wa tatu na sicheki tena, kwa sababu nimekuwa hodari kuliko wao.

Muhula huu tulipewa kazi ya kikundi, kuwahoji wauza mboga wa sokoni na kuandika tulichokipata. Tulikuwa sita, wasichana watupu, wote wa jengo moja, na mimi nikachaguliwa kiongozi, safari hii kiongozi wa kweli. Katika sita hao yumo Rehema, msichana wa Lindi, mpole, mrefu, ambaye tunalala chumba kimoja. Kitanda chetu ni cha ghorofa. Yeye juu, mimi chini.

Sasa, kuna desturi hapa inaitwa kubebana. Watatu wanafanya kazi, sita wanaandikwa majina. Ukilikata jina la mwenzako unaonekana mbaya kuliko mwizi wa kuku. Mhadhiri wetu, mama mmoja mkali tunayemwita Dokta, amechoshwa na desturi hiyo. Akaweka fomu mbele ya kazi: asiyeshiriki akatwe, na kiongozi asaini kwamba aliyekatwa alifikishiwa habari ya kila kikao, akakataa mwenyewe kuja. Aliyekatwa hapati alama, na asiye na alama hiyo haingii kwenye mtihani, analirudia somo mwakani. Kisha Dokta akatuzungushia macho akasema, "Na kiongozi akisaini uongo, atarudia yeye. Si kikundi. Yeye."

Tulikaa vikao vinne. Rehema hakuja hata kimoja. Nilitangaza kundini, kimya. Nikamwandikia yeye mwenyewe kwa heshima, kimya. Nikamwandikia bila heshima, kimya vilevile. Chumbani tulikuwa tunasalimiana na kupishana. Alikuwa ameshika simu yake kitandani saa zote anaipapasa, nami nikawa najisemea, tazama dharau hii. Sikumwuliza kwa mdomo. Niliona kumwuliza ni kujishusha, maana, bila hata kuangalia alama ya kufika, nilihesabu kwamba ujumbe ameshaupata na yeye ndiye wa kujibu.

Hapo, Baba, ndipo kiburi cha kwetu kiliponipanda. Niliwaambia wenzangu: kwetu Umatengoni mtu hakatwi kimyakimya, anaitwa kwenye sengu. Wakauliza sengu ni nini. Nikawaeleza, kwa maringo, kwamba ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja sahani moja, na wakishakula ndipo neno la mtu linazungumzwa mbele ya uso wake. Nikasema siku hizi familia nyingi zimeiacha, ila kwa Babu haikufa, na wewe umeirithi. Sikuwaambia kwamba mimi sijawahi kukaa humo hata siku moja. Mimi nilikuwa wa kubeba ugali, kuweka chini, na kutoka. Ila ujue kwamba nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta, nikasikiliza mengi kuliko mlivyodhani.

Basi Jumapili iliyopita nikaazima jiko kwa mama lishe wa getini, nikasonga ugali, nikaunga dagaa wa Nyasa aliotuma Shangazi Kordula kutoka Mbamba Bay. Sahani moja kubwa, sakafuni, sita kuizunguka. Zawadi, mmoja wa kikundi chetu, akatafuta kijiko, nikamnyima. Mwingine akapiga picha kwanza. Rehema alishuka kitandani amefurahi, akanawa, akala vizuri, akasifu dagaa. Nadhani alijua ni karamu tu. Tulipomaliza nikafuta mikono, nikakohoa kama Babu, nikasema:

"Rehema, vikao vinne hukuja. Tuambie sababu."

Uso wake ulibadilika. Akatutazama mmoja mmoja, akaangalia simu yake pajani.

"Nilisahau," akasema.

"Vyote vinne?"

"Vyote."

Zawadi akacheka. Na mimi nilicheka, Baba. Kidogo, lakini nilicheka. Nikasema kwetu aliyekula na watu kisha akakosa la kujibu amekiri. Nikalikata jina lake palepale, na Jumatatu nikasaini fomu, nikaipeleka. Nilitembea kurudi hosteli najiona mtu mzima.

Alhamisi nilitaka kukupigia, salio langu likawa limeisha, nikamwomba Rehema simu yake. Akasema haina chaji. Nikaichukua nikaichomeka kwenye waya wangu, kwa wema tu. Nikafua, nikaanika, nikarudi, kioo bado cheusi. Nikaibonyeza kila mahali.

"Usijisumbue, Kasiana," akasema kutoka juu. "Imekufa tangu ile wiki ya mvua za mwisho. Iliingia maji."

"Mbona kila siku nakuona unaishika?"

"Naishika tu. Hapa usiposhika simu watu wanakuuliza una nini."

Nilikaa chini. Hesabu ya wiki hizo ilinijia yenyewe: mvua za mwisho zilinyesha kabla ya kikao cha kwanza.

"Kwa nini Jumapili hukusema?"

"Niseme mbele ya wote, na ugali wako nimeshaumeza? Ulikuwa umekaa kama hakimu." Halafu akasema bila hasira, na afadhali angekasirika, "Nalala hapa juu yako, mwenzangu. Ungegonga tu chuma cha kitanda."

Tangu hapo sijatulia. Nafungua kitabu, nafunga. Kwenye kimbweta nasoma mstari mmoja mara tano. Nikilala naviona vile vyuma vya kitanda juu ya uso wangu, karibu hivi kwamba sihitaji hata kunyoosha mkono wote. Naona aibu, Baba. Sina neno zuri zaidi la kuliita.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nililikumbuka lile la Baba Mdogo Alanus baada ya mambo kuharibika. Unalikumbuka? Zamu ya shamba letu, watu wote wamekuja kuchimba mashimo ya ngoro, yeye na mkewe hawakuonekana. Mlikasirika. Jioni kwenye sengu mkataka zamu yake ikifika asiende mtu, achimbe mashimo yake mwenyewe. Nilikuwa nimeweka ugali na kujificha mahali pangu. Babu aliwaacha mkasema yote, kisha akauliza swali moja tu: "Nani alikwenda kumwita?"

Ukasema wewe, Baba, kwamba ulimpigia kelele kutoka kilima cha pili, na hakuna asiyejua sauti yako.

Babu akasema, "Kelele si kuita. Kuita ni kufika mlangoni."

Kesho yake ulibeba mundu ukaenda kufyeka nyasi za shamba la Alanus na kuzipanga, Mama akachimba mashimo, mimi nikawabebea maji. Hukununa. Ulipiga hata mluzi. Nilidhani umesahau kosa, kumbe ulikuwa unalilipa.

Sengu nimeikumbuka yote, sahani, kunawa, ukimya, hata kukohoa kwa Babu. Lile swali la kwanza ndilo nililoliacha nyuma ya ukuta. Nami nilimpigia Rehema kelele kutoka kilimani wiki nne nzima, na mlango wake uko juu ya kichwa changu.

Wenzangu wanasema ninyamaze. "Usijichome mwenyewe," Zawadi ananiambia, "kazi imeshapita, wewe uko karibu kumaliza." Rehema naye amesema niache, atarudia somo, si mwisho wa dunia. Lakini jana nilimwona anaandika barua kwa mama yake, kama mimi hii leo, na anafutafuta. Mama yake ana meza ya vitumbua, na amekwishawatangazia majirani kwamba binti anamaliza. Kama wewe ulivyowatangazia Jumuiya yote. Kama Mama, ambaye najua vitenge vya sare ameshavichagua rangi, hata akikataa.

Nikinyamaza, namaliza mwaka huu, mnakuja na ngoma, na Rehema hayupo kwenye mstari. Nimejaribu kujiona nimevaa lile joho siku hiyo. Nimejaribu kweli, maana nalitaka, nisikudanganye. Miaka mitatu nimelitaka.

Kesho saa tatu asubuhi nagonga mlango wa Dokta. Nitamwambia nilisaini uongo, kwamba Rehema hakufikishiwa habari na mtu yeyote, na nitamwomba apewe sehemu yake aende sokoni aifanye. Huenda Dokta akanihurumia. Ni mama wa kusimamia neno lake, kwa hiyo sitegemei. Utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshatoka mlangoni kwake zamani. Nimekuandikia kabla sijaenda kwa sababu nikishajua jibu nitaanza kupamba.

Uamuzi huu Rehema nimeshamwambia. Asubuhi hii, kabla ya Misa, niligonga chuma. Akauliza nani, ingawa chumbani tuko wawili. Nikasema, "Hodi." Akasema, "Karibu," nikapanda ngazi nikamwambia yote uso kwa uso, na kwamba namwomba radhi. Hakunikumbatia kama kwenye tamthilia. Alisogea tu ukutani, nikapata nafasi ya kukaa.

Sasa salamu. Mwambie Baba Mdogo Alanus shikamoo ya pekee, asiulize ya nini. Shangazi Kordula akipanda kutoka Mbamba Bay, mwambie dagaa wake walisifiwa hata na watu wa bahari. Bibi mshikie mkono, umwambie rozari aliyonipa haijakatika. Wadogo zangu wasome. Mzee Salum naye mpe asante na heri zote. Mama mwambie wewe, taratibu, ukiwa umekaa karibu naye, wala usimpe karatasi hii asome peke yake.

Kama hasira zitakupanda, Baba, zipande. Nitazipokea. Ila wazee wakikuuliza kwa nini binti yako hamalizi pamoja na wenzake, usiwaambie chuo ni kigumu. Waambie kulikuwa na mtu wa kuitwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda, sikwenda. Sasa nimekwenda.

Ni mimi binti yako,
Kasiana