Baiskeli Haiji Namanga

Kitengela,
Jumatano jioni.

Ndugu yangu Mulwa,

Sopa! Anayekusalimu ni Kahiga, kocha wa baiskeli nambari moja kuanzia Athi River hadi mpaka wa Tanzania. Nambari mbili bado hajazaliwa. Siku hizi upepo wa hapa ukiniona nikitoka nje, unasimama kwanza uniulize nataka uvume ukienda wapi.

Uko salama lakini? Ile tumbo yako imepoa, ama bado unashindana na madereva kula nyama usiku? Na joto ya Namanga inawaacha mlale? Sisi huku ni wazima. Mama yako Phylis ni mzima, hasa sauti. Evalyne pia ni mzima, anaenda kazi yake kule kwa shamba la maua Isinya kama kawaida, ingawa siku hizi haongei sana. Mvua imetunyima, vumbi tumepewa bila kuomba.

Ningekupigia simu, lakini wewe mtu akianza tu kupata utamu unamkata, eti kuna lori inangoja kuvuka. Barua haikatwi.

Allan alifika jana na lori lake. Akasema umemtuma achukue ile baiskeli uliyompa dada yako, airudishe kwako, kwa kuwa umesikia Evalyne alishindwa na mlima, na sasa umemtafutia kazi ya kupika chai kwa ofisi yenu. Nilimwambia magurudumu yako kwa fundi, nikamnunulia chapati. Leo amegundua magurudumu hayako kwa fundi. Amesema nikuandikie sababu ya maana kabla aondoke kesho asubuhi, la sivyo anapakia baiskeli, na akinikuta njiani atanipakia na mimi. Kwa hivyo nisome mpaka mwisho.

Unamjua yule mama wa Kiserian, Naisula, anayefunza wasichana mbio za baiskeli. Alikuwa amebakisha nafasi moja kwa timu, na baiskeli moja ya mbio, nyepesi mpaka unaweza kuiinua kwa kidole. Sharti lake lilikuwa fupi: msichana aanzie Oltepesi, kule chini kwenye joto, apande mpaka juu Kona Baridi bila mguu kugusa lami. Mguu ukigusa, kwaheri. Na unajaribu mara moja tu.

Evalyne alinijia mimi nimpangie. Alijua mahali akili iko. Kazi haikuwa rahisi, maana Kitengela hakuna mlima. Kitu cha juu kabisa hapa ni paa za maghorofa, na baiskeli haipandi ngazi. Basi nikautengeneza mlima mwenyewe. Jioni akitoka kazini upepo humkuta usoni, nikamfungia jerikeni mbili za maji kwa kariya, pale nyuma ya kiti, nikamwambia hiyo ndiyo Kona Baridi. Alipoizoea, nikatoa jerikeni nikakalia kariya mimi mwenyewe, nikila njugu. Alisema afadhali jerikeni, hazitoi maoni. Nikamwambia mlima pia utampa maoni yake, azoee.

Mama yako alituona tukipita mbele ya kanisa hivyo, akatoka na wenzake wote wa maombi. Akaniuliza tangu lini mtu aliyeshindwa kupanda kutoka kidato cha pili hadi cha tatu akafundisha watoto wa wenyewe kupanda milima. Nikamjibu kwamba mimi sikushindwa kupanda, nilikuwa tu na breki nzuri. Walicheka mpaka nikadhani ibada imeisha. Lakini akasema tusimguse Evalyne siku ya Jumapili, ndiyo maana tulichagua Jumamosi.

Mpango wangu ulikuwa mpango, Mulwa. Muthokoi, mahindi yake na maharagwe, ale usiku, asubuhi chai na ndizi, mlima haupandwi na tumbo iliyojaa. Maji anywe kidogo kidogo, mengine nimwagie shingoni. Nduthi niliazima kwa Kiragu, pikipiki yake ile ya kubeba abiria, ili nimfuate karibu. Na juu ya yote, macho. Nilimwambia aangalie gurudumu la mbele peke yake, kwa sababu mtu akiutazama mlima wote anachoka macho kabla ya miguu. Asihesabu kona, asiulize bado ngapi. Kuhesabu ni kazi yangu. Nikisema kaza, akaze. Nikisema pumua, apumue. Ile barabara, nilimwambia, naijua kama njia ya kwenda choo chetu gizani. Na aliniamini, si unajua vile Evalyne huamini mtu akishaamua.

Siku yenyewe walikuwa wasichana wawili tu, yeye na mmoja wa Gataka mwenye miwani ya bei na soksi mpaka magoti. Naisula alikuwa nyuma na pikapu. Miwani ilipanda vizuri mpaka joto lilipoingia ndani ya soksi, akashuka, akakaa kando ya barabara akalia. Naisula akasimama kumpakia. Sisi tukaendelea.

Dada yako alipanda, Mulwa. Hakupanda kama mtu anayepigana. Alipanda kama mtu anayefua nguo, bila haraka na bila kuacha. Kuna lori la magadi lilikuwa linakokota mbele yetu, akalipita. Turniboi, utingo wake, akatoa kichwa akamwuliza, dada, unamfukuza nani? Evalyne hakugeuka. Mimi ndiye nilimjibu kwamba anamfukuza yeye, na kwamba aanze kukimbia.

Yaliyofuata umeyasikia: alichoka, akaweka mguu chini. Mama yako anasema ni wembamba. Jirani Mugure anasema ni mimi nilimnyima nyama. Mimi nimekuwa nikisema ni baiskeli yako, ambayo kwa uzito ni kitanda cha hospitali kilichowekewa pedali. Kila mtu ako na sababu yake, na watu wanazipenda.

Sasa shika karatasi vizuri.

Mimi sijawahi kupanda ile barabara. Kiserian ndio ulikuwa mwisho wangu, na hata alfajiri ile Naisula alitushusha Oltepesi gizani, sisi na nduthi nyuma ya pikapu chini ya turubai, sikuona kitu. Kila kona niliyomwambia Evalyne niliipata kwa Allan tukinywa chai, na Allan ni dereva. Dereva akikuambia mlima umeisha, anamaanisha pale malori husimama kupoza injini na wenyewe wakila mbuzi. Ningeweza kwenda siku moja kabla na nduthi nikaone mwenyewe. Sikuenda, maana ningelazimika kuuliza watu njia, na nilikuwa nimeshasema naijua.

Tulifika kwa hivyo vibanda vya nyama. Malori yalikuwa yamepangana, upepo wa baridi ukatupiga, barabara ikalala kidogo. Evalyne alikuwa bado na pumzi, macho kwa gurudumu la mbele, vile nilimfunza. Nikapiga kelele kwamba tumefika, ashuke, ameshinda. Akashuka akicheka. Alilaza baiskeli chini akanikumbatia na jasho lake lote. Halafu akainua macho kwa mara ya kwanza, akaona barabara ikipinda tena kwenda juu. Mchoma nyama mmoja akatuambia, bila ubaya, kwamba Kona Baridi bado iko mbele.

Hapo ndipo pikapu ilitokea. Naisula akauliza mbona mguu uko chini. Kabla Evalyne ajibu, nikasema miguu imemkataa. Neno lilinitoka tu, kama mate. Dada yako alinitazama. Akainama akafunga kamba ya kiatu, akamwambia Naisula ni kweli, amechoka. Kisha akapanda baiskeli akamaliza mlima uliobaki wote, mimi nyuma yake na nduthi, bila kusimama popote. Hakuna aliyekuwa akihesabu tena.

Kesho naenda Kiserian kumwambia Naisula. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali na fimbo yako ni fupi. Kama atamrudisha Oltepesi sijui, yule mama hana mchezo. Lakini akimwita, Evalyne ataenda na nini kama baiskeli iko Namanga? Iache hapa. Hiyo chai ya ofisi yenu apike Allan.

Wasalimie wote wanaonijua huko, na wasionijua wape pole. Mama Phylis anasema usisahau kanisa. Evalyne hajui nimekuandikia. Tafadhali usimpigie simu kumuuliza, kwa sababu atakwambia tena kwamba alichoka.

Ni mimi,
Kahiga.