Mama Mkwe Alinikatalia Kazi, na Mashine ya Simu Ikarekodi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unijibu bila kuzunguka maana hata kukaa siwezi, barua hii naiandika nimesimama jikoni, mtoto mgongoni, kila nikimaliza mstari naenda dirishani narudi.

Mimi ni mke wa dereva wa malori, na kabla ya kujifungua nilikuwa nashona kola katika kiwanda cha mashati, kola tu, mikono na vifungo ni vya wenzangu. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe nilikwenda kumwomba msimamizi wetu anirudishe, akasema nafasi ikitokea atanipigia nyumbani. Simu yetu ni ya mezani, ile isiyo na waya, mume wangu aliitoa kwenye ofisi iliyokuwa inahama, ina mashine ya kupokea ujumbe na mikono miwili ya kuongelea, mmoja unakaa sebuleni kwenye kitako chake na mwingine uko chumbani kwa mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu alipovunjika nyonga, sasa anatembea kwa fimbo.

Simu hiyo nimeizoea kama cherehani. Mimi ndiye niliyepunguza mlio ili mtoto asishtuke, nikaiweka mashine ipokee yenyewe mtu akichelewa, tena nikamfundisha mama kwamba mkono mmoja unaweza kuita mwingine humohumo ndani. Hapo nilijitakia mwenyewe. Niko nafua nepi, simu inalia, nakimbia na povu mikononi, kumbe ni yeye chumba cha pili: "Haloo, haloo, hapa ni chumbani. Chai imepotelea njiani?" Namwambia, "Mama, si ungeniita tu, mlango uko wazi." Ananijibu, "Nipige kelele na simu ninayo? Nyie mnanionaje?" Basi tunacheka. Sitaki ufikiri ni mtu mbaya, mshauri, mtoto wangu akilia ni yeye anayemwimbia mpaka sauti inamkauka.

Jumanne nilipanda juu ya paa kuanika nepi, niliporudi nikakuta kitaa chekundu cha mashine kinawaka na kuzima, nikabonyeza nisikilize. Ni msimamizi. Anasema nafasi yangu ya kola ipo, nianze Jumatatu, ila nimthibitishie kabla ya Ijumaa, na kabla hajamaliza nasikia kwa! kwa! mkono wa pili umeinuliwa, mama keshapokea, na hakujua kwamba mashine ilikuwa imeshaanza na kwamba ukipokea bila kubonyeza kitufe cha kuizima, inaendelea kurekodi wote wawili.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Ni msimamizi wa kiwandani, mama. Shikamoo. Mkweo yupo?"

"Marahaba. Amelala. Lakini hiyo kazi kaacha, mwanangu, tafuteni mwingine."

"Kaacha? Mbona alikuja mwenyewe hapa kuniomba?"

"Alikuja, sasa kageuka. Si unawajua wasichana wa siku hizi, asubuhi hivi, jioni vile."

Amelala, mshauri! Nami niko juu ya paa na vibanio mdomoni!

Msimamizi akaaga kwa unyonge, simu ikakatwa upande wake, lakini mama hakuzima upande wake, mashine ikaendelea kidogo, nikasikia kitanda kinalia na yeye anajisemea polepole, "Eh Mungu wangu, nisamehe. Nikianguka humu ndani peke yangu, nani ataniokota?"

Tangu hapo sina raha. Ujumbe huo nimeusikiliza tena na tena, nimefunga mlango, nimepunguza sauti, mpaka kikohozi chake nakijua kinakuja wapi. Naogopa asije akabonyeza akaufuta, kwa hiyo kila akipita sebuleni na fimbo yake nami napita. Nimeunguza sufuria. Mtoto nimemvalisha soksi moja. Kumpigia msimamizi naogopa, kwa sababu nikishika simu tu ule mkono wa mama unaonyesha taa kwamba kuna mtu anaongea, akiuinua anasikia yote, halafu nitamwambiaje msimamizi, kwamba mama wa mume wangu ni mwongo? Mume wangu anarudi Ijumaa na mizigo. Nikimwekea asikie, namjua, ni mwepesi wa hasira, atampeleka mama kwa kaka yake siku hiyohiyo, na huko mama hakutaki. Nikinyamaza, kazi imekwenda, nami nitamtazama huyu mama kila siku nikimpakulia chakula huku moyo unachemka. Mtoto nimeshamtafutia mlezi, ni jirani wa ghorofa ya chini, analea watoto watatu na ana roho nzuri. Aliyebaki bila mtu wa kukaa naye ni mama tu. Nimwekee mume wangu ule ujumbe au nisimwekee?

Ni mimi, Mshona Kola.

*

Mshona Kola, pole mwanangu, na sasa kaa chini, mtoto amechoka kutembezwa.

Umeniuliza swali la mwisho ukaruka la kwanza. Swali la kwanza si mume asikie nini. Ni msimamizi asikie nini, na kutoka kwa nani. Mtu ameacha ujumbe unaokuhusu wewe, umeusikiliza mpaka umejua kikohozi cha mkweo, na wewe mwenye kola hujafungua mdomo. Taa ya simu inakutisha? Kiwanda kina mlango. Nenda mwenyewe, leo, usisubiri kesho. Wala huna haja ya kumwita mtu mwongo. Sema, "Nyumbani hatukuelewana, kazi naitaka, Jumatatu nipo." Atakayeuliza zaidi ya hapo ni mmbea, na mmbea hajibiwi.

Ukirudi, nenda chumbani kwa mkweo ukae kitandani kwake. Mashine iache sebuleni. Mwambie, "Mama, najua msimamizi alipiga na najua ulimjibu nini. Umeniumiza. Jumatatu naenda kazini. Sasa tuzungumze habari ya kuanguka." Halafu nyamaza. Usimhoji kama polisi. Amekukosea, tena sana, kwa sababu riziki ya mtu haikatwi kwa simu, na hilo alisikie kutoka kinywani mwako. Lakini mwanamke aliyekwishavunjika nyonga akilala sakafuni saa nzima bila mtu, hilo si jambo la kuchekwa. Angekwambia angepata msaada. Aliona haya, akachagua njia ya mkato.

Hiyo hofu itibu kwa mikono yako. Wewe ni mshonaji, mshonee mfuko wa kutundika shingoni, mkono wa simu ukae humo, usikae mezani, maana anayeanguka haifikii meza. Weka namba ya jirani wa chini kwenye kitufe kimoja na ya ofisi ya kiwanda kwenye kingine, zile za kubonyeza na kushikilia. Mwonyeshe kitufe cha spika, aongee bila kuweka sikioni. Kisha, na hapa usione aibu, tandika godoro sakafuni, mlaze kwa uangalifu, umwambie apige kutoka hapo. Asipoweza leo, rudieni kesho. Kumwelekeza mtu akiwa kwenye kiti na chai mkononi hakumsaidii siku ya kuanguka. Anapokula, mkono ule urudi kwenye chaji. Na jirani mwambie hivi: umeme ukikatika simu ya namna hiyo hufa, basi siku hiyo apande ngazi amwone mama kwa macho. Tena mchana apande hata umeme ukiwepo.

Mume wako akirudi, mwambie mambo mawili: umepata kazi, na mama yake anaogopa kubaki peke yake. Yote mawili ni kweli na yanamtosha dereva aliyetoka safari. Mengine mama yake atamwambia akipenda. Akirudia mchezo huu, hapo utamweleza mwanawe, na utamweleza yeye mama akiwa amekaa palepale.

Ujumbe ule, msimamizi akishakukubalia, ufute. Ukiutunza leo kwa ajili ya ushahidi, ipo siku mtagombana kwa sababu ya chumvi na utaubonyeza.

Mkweo atanuna. Mwache anune, kununa hakujavunja nyonga ya mtu. Na moyo ukikwambia ungoje kwanza Ijumaa mume arudi, huo ni uoga uliovaa nguo za heshima. Mtoto mgongoni, viatu mguuni, kiwandani.