Miwani ya Bingwa wa Poka

Tangazo rasmi: kuanzia leo mimi ni mcheza poka wa kulipwa. Nimetolewa kasino sasa hivi nikiwa nimeshikwa sikio.

Sikia. Nimeingia na koti la mjomba na miwani inayong'aa kama kioo, ili wasinisome machoni. Mezani wamekaa wazee watatu wanaosinzia. Nikawadharau papo hapo. Vibogoyo hawa!

Nikipata karata nzuri, wote wanajitoa. Nikidanganya kwamba ninazo nzuri, wote wananifuata. Wote! Nikaziinua karata karibu na uso, nikanuna kama hakimu.

Mzee mmoja akasema, "Kijana, usitikisike, bado nasoma."

BADO NASOMA!

Mama mgawa karata akanihurumia: "Mwanangu, vua miwani. Karata zako zote zinaonekana humo."

Nikavua. Wakaona uso wangu wa kidato cha tatu. Mlinzi akaitwa, na miwani ameizuia mpaka nirudi na mzazi.

Unauliza miwani gani? Kaka, kaa chini kwanza. Ni ile yako iliyopotea bwenini. Niliichukua mimi, na ule msako wa kuitafuta niliuongoza mimi.