Mishipa ya Nerima Imeziba Tena

Kaptembwo,
Nakuru.
14 Septemba 2008

Mpendwa kaka Sitati,

Habari za Lodwar? Shemeji na watoto ni wazima? Kile kikohozi chako kiliisha? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa nakuandikia nikiwa na hasira ya kutapika.

Mwaka jana Nerima wangu alipopasuliwa moyo kule India, tulirudi na barua ya madaktari wa huko. Waliandika wazi kwamba mishipa inayotoa damu mapafuni kuirudisha moyoni inaweza kuwa myembamba tena. Akianza kuhema, apelekwe Nairobi upesi.

Mwezi wa sita akaanza. Hatua kumi tu, anachuchumaa. Nilimpeleka kwa daktari wa kliniki moja hapa mjini, mara tatu. Kila mara ni pumu, ni sindano. Mara ya tatu nikamwekea barua mezani.

"Umeisoma, daktari?"

"Mama, hao wa ng'ambo wanapenda sana kuandika. Moyo si ulishatengenezwa?"

Halafu kaka, akaweka mandazi yake juu ya ile barua, akala. Mtoto anatafuta pumzi mbele yake, yeye anapangusa mafuta kwa karatasi ya moyo wake!

Nesi mmoja, Jeruto, akanifuata nje. "Mathe, shika barua yako uende Nairobi leo. Usingoje kesho."

Tulienda. Mishipa miwili ilikuwa imebaki kama uzi. Walipitisha kipira kidogo kama puto kutoka kwenye mshipa wa paja mpaka huko, wakakijaza, njia ikafunguka. Siku ya tatu Nerima alikuwa anagombana na wenzake wodini.

Niliporudi nilienda kumwambia yule mtu. Unajua alisema nini? "Si nilikuambia atapona?" Akacheka. Nilitoka nje nikatema mate. Mpaka leo nikikaribia mlango ule navuka barabara.

Nairobi wamesema hii si mara ya mwisho. Januari turudi, na pengine tena baadaye, kwa sababu mishipa ya aina hii hukataa kukaa wazi. Nilimweleza Nerima huku nikilia. Akaniangalia, akauliza kama safari hiyo atapata kitanda cha dirishani.

Nisalimie shemeji, jirani yenu Odero na mama mkwe wako. Mungu awafunike huko jangwani, na wewe umtaje Nerima kila ukipiga magoti.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda sana,
Namalwa