Shati Analolalia Chui

Ushetu, Jumatano

Baba Paskazia,

Huku tu wazima. Tumbaku yote imeshaingia banini kukaushwa, na Paskazia siku hizi anaifunga mwenyewe.

Mbwa wako Chui hali tena, na miguu ya nyuma imekataa. Bwana mifugo alikuja na sindano, akasema kumwacha hivi ni kumtesa. Nimemwomba asubiri hadi Jumapili baada ya misa, huenda ukatoka huko machimboni Geita uje umuage. Nimemtandikia shati lako la kazi, lile ambalo sijalifua tangu uondoke, mwaka wa tatu huu.

Pikipiki ikisimama barabarani, bado tunainua vichwa wote wawili, mimi na Chui. Kuanzia Jumapili nitakuwa nainua peke yangu.

Mkeo,
Mama Paskazia